Bendi ya Kijapani Katika Harusi ya Bawshar

Mmeniomba niandike, wanangu, nami nimekubali kwa sharti moja: msinipunguzie maneno. Nimeshatundika hedifoni, masikio yangu yanapumzika, lakini shuku zangu bado ziko kazini. Hata nyinyi mlonipigia simu mkanambia, "Khala Zuhura, tuandikie ya kazini, wasichana wapya wajifunze," nilijiuliza kwanza mnataka nini. Watu hawamsifu mtu mzima bure.

Kwa asiyenijua, mimi nilikuwa mpiga muziki wa harusi za wanawake hapa Maskati. Siku hizi mnajiita madiijei, haya, sawa, kazi ni ile ile. Ukumbi umejaa wanawake peke yao, wamevua mabuibui, wamefungua nywele, wamevaa nguo ambazo hata waume zao hawajapata kuziona. Na mtu mmoja amekaa nyuma ya meza ya mitambo, anahakikisha watu wanacheza na pia hapana jicho la mwanamume linalopenya. Wengi wanadhani kazi ni hiyo ya kwanza, kuchezesha watu. Kazi khasa ni hiyo ya pili.

Aliyenifundisha ni Bi Muza, Mungu amrehemu, shoga yake mama yangu. Yeye alianza zamani, harusi zinafanywa uani, turubai limefungwa ukutani na kanda za kaseti zimepangwa juu ya kigoda. Siku yangu ya kwanza alinipokea kwa kunipekua mkoba. Nikamwambia, "Bi Muza, mimi si mtoto wa shoga yako?" Akasema, "Ndo maana nakupekua vizuri. Mgeni ntamwonea haya. Wewe sikuonei."

Kwake nilijifunza kukaza kanda kwa penseli, kuweka mitambo mbali na moshi wa udi na taulo la maji maji karibu yake (karibu, si juu yake, kuna aliyeniuliza), na kusimama pale ambapo nauona mlango bila ya kugeuza shingo. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja. Nyimbo isikilizwe mpaka kimya. Ukiletewa kanda, usisikilize kionjo ukasema nzuri, nimeielewa. Isikilize hadi mwisho, kisha usikilize na kile kimya kinachofuata. Kuna mwenzetu alidharau hilo. Akapiga kanda ya kuletewa, nyimbo ikaisha, na nyuma yake kulikuwa kumerekodiwa, bila ya wenyewe kujua, mke na mume wanagombana jikoni kwao. Ukumbi mzima ukasikia nani kamwita mama mkwe wake mchawi. Na mama mkwe alikuwa safu ya mbele.

Kaseti zikenda, zikaja sidii, zikaja kompyuta na flashi. Adui naye akabadilika. Zamani tulikuwa tunamwogopa kijana anayechungulia juu ya ukuta. Siku hizi adui ni simu. Nimekamata simu ndani ya pakiti ya nepi. Nimekamata simu ndani ya kasha la udi, la bibi mmoja mcha Mungu, tasbihi mkononi, ananambia anataka kumwonyesha dada yake aliyeko Unguja. Nikamwambia dada yako ntamwombea dua, simu nipe mimi.

Na kuna tangazo. Hili wasichana wapya mlisome mara mbili. Mwisho wa shughuli bwana harusi anaingia kumchukua mkewe, na pamoja naye wanaume wachache: baba yake, na upande wa bi harusi baba au kaka wa kumkabidhi. Kabla mguu wa mwanamume haujakanyaga zulia, mpiga muziki anazima, anashika kipaza sauti anasema, "Jistirini." Wanawake wanavaa mabuibui yao, wanajitanda, ndipo mlango unafunguliwa. Tangazo hilo likichelewa, umewavunjia watu heshima yao, nawe usitafute tena kazi mji huu. Na hulitoi kwa amri ya bi harusi, wala ya mwenye ukumbi. Unalitoa kwa ruhusa ya mama mwenye shughuli peke yake.

Sasa nnakuja kwenye harusi ya Thuraya, maana najua ndiyo mnayoitaka, mengine mmeniuliza kwa adabu tu.

Thuraya alikuja kwangu mchana mmoja na flashi. Msichana wa watu wetu tuliotoka Unguja, Kiswahili cha nyumbani safi, kasoma, anafanya kazi wizarani, anaolewa na kijana wa Bawshar, jirani yao kabisa. Baba yake kafa. Mama yake, Bi Asya, kamlea kwa mkono wa chuma na malezi yanaonekana. Akakaa, akanywa kahawa, akaniwekea ile flashi juu ya meza.

"Khala, nnataka nyimbo hizi tu nnapoingia ukumbini."

"Za nani?"

"Za bendi moja ya Kijapani."

"Wanapiga tarabu?"

"Wanapiga roki, khala. Magitaa."

Nikaweka kikombe chini. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Wanaume wazima, mvi zimejaa, wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wamesimama kila mmoja anatazama upande wake utafikiri wamegombana. "Wanapiga miaka na miaka," akanambia, "tangu wewe kijana." Nikamwambia mimi bado kijana. Akacheka, akanieleza kwamba nyimbo zao zinajulikana na kila mtu wa rika lake, maana ndizo zilizokuwa zinafungua katuni za Kijapani walizozitazama utotoni. Walizishika kwa moyo, maneno hawayajui.

Maelezo mazuri. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Alikuwa anazungusha pete ya posa, anazungusha, anazungusha. Nikajiuliza, msichana mwenye akili zake, ana nyimbo zote za dunia, mbona anataka wazee wa Kijapani ndio wamwingize? Nani kampa flashi hii? Na mbona hakuja na mama yake?

"Maneno yake yanasema nini?" nikamuuliza.

"Yanasema usikate tamaa, endelea na safari."

"Safari ya wapi, nawe unaolewa mtaa wa pili?"

Akaona haya, akaaga. Flashi akaniachia.

Nilizisikiliza zote, mpaka kimya, kama nilivyofunzwa. Wallahi, mwanzo niliona kelele tupu. Kuna moja inaanza kwa ngoma peke yake, gu-gu-gu, mtu anayegonga mlango na hataki kungoja. Kuna moja ya polepole, ina fidla, na yule mwimbaji mzee sauti inamkatika karibu na mwisho, nawe unajua hakukusudia, ndiyo maana wameiacha. Na kuna moja iliyorekodiwa uwanjani, watu maelfu wanaimba "ooo" peke yao, bendi imenyamaza inawasikiliza. Nikairudia hiyo. Nikairudia tena. Mume wangu akauliza makelele gani hayo Zuhura, na baada ya siku chache nikamsikia anaipiga mluzi bafuni. Nikamshuku hata yeye.

Maneno sikuyaelewa hata moja. Nikayatafuta kwenye simu, simu ikaniletea upepo, na njia, na ahadi. Ahadi gani? Na nani? Mtu akiahidi kitu kwa Kijapani katika harusi ya Bawshar, mimi nnataka kujua kamuahidi nani.

Kisha nikafika nyimbo ya mwisho.

Ilikuwa ile ile ya ngoma ya kugonga mlango, lakini wanaopiga si bendi. Ni gitaa moja kavu, ndani ya chumba, unasikia hata kiti kinalia. Mwanamume anaimba, kijana, si yule mzee. Katikati mwanamke anacheka mbali kidogo. Na kabla ya yote, mwanzo kabisa, sauti ya mtoto mdogo inahesabu kuwaanzisha: "Moja, mbili, tatu!"

Kwa Kiswahili.

Nikavua hedifoni. Nikazivaa tena. Ndiyo, Kiswahili. Nikasema, hee! Huyu bi harusi ana mtu. Hapa kuna mwanamume anatiwa ukumbini kwa mlango wa masikio. Bi harusi anatembea kwenda kwa mumewe huku sauti ya mwengine inamsindikiza, na mimi ndiye ninayeipiga! Yule mwanamke anayecheka sikumwelewa, na yule mtoto sikumwelewa zaidi. Lakini shuku ikishakaa haingoji kueleweka. Nikaihifadhi kwenye kompyuta, na kwenye flashi yangu, na kwenye simu, maana siamini chombo kimoja, nikangoja siku.

Siku ya harusi mchana tulikuwa ukumbini kujaribu spika. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, wapamba maua wameshaondoka. Tulikuwa watatu tu: mimi, Bi Asya, na Neema, dada wa Kitanzania, mtu wa Mwanza, aliyekuwa mlinzi wa mlango. Neema ni Mkristo, hodari, hana mchezo. Amenisaidia kukamata simu nyingi kuliko mbwa wa uwanja wa ndege. Bi Asya alikuwa anapita meza kwa meza na sahani za halua, anazisogeza kidogo kulia, anazirudisha.

Nikasema moyoni, leo leo. Ntaipiga ile nyimbo ya mwisho nitazame nani anashtuka. Nikafungua sauti.

"Moja, mbili, tatu!"

Bi Asya alisimama na sahani mkononi.

"Nani huyo anohesabu?"

"Sijui, Bi Asya. Nimeletewa na bi harusi."

Gitaa likaingia, yule kijana akaanza kuimba. Bi Asya akaiweka sahani, akavuta kiti, akakikalia na kitambaa chake cheupe, yeye ambaye tangu asubuhi hajakaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Sikuona chozi, msinitie maneno mdomoni. Niliona mkono wake mmoja umeushika mwengine, basi. Ilipokwisha akasema, "Zima."

Nikazima.

Akanyanyuka, akakung'uta nguo. "Na mlango wa jikoni, wa kutokea nyuma, leo ufungwe kwa ufunguo, Neema. Ufunguo niletee mimi."

Mnaona? Mtu hafungi mlango ila anamjua wa kuuingia. Nilichukua buibui langu nikenda saluni, kule Thuraya anakopambwa. Nikawatoa wasichana wa rangi na brashi, nikamkalia mbele.

"Ile ya mwisho ni ya nani? Na usinidanganye, nina masikio."

Akatafuta kitambaa cha karatasi. Nikamwambia usilie, wanja huo, sema tu.

"Ni kaka yangu, khala. Said."

Nilikuwa sijui kama ana kaka. Hiyo peke yake ingetosha kunishtua, maana watu wetu hapa tunajuana mpaka majina ya mapaka. Akanieleza. Said alikwenda Japani kusoma, baba yao bado hai. Baba akafa, Said akabaki huko, na mwaka mmoja akaoa Mjapani bila ya kumwambia mama yake. Mwanamke kasilimu, ndoa halali, kila kitu, lakini mama hakuambiwa. Alizisikia khabari matangani kwa watu, kutoka mdomoni mwa mwanamke asiyempenda, mbele ya wengine. Akarudi nyumbani akasema, "Aliyeoa bila ya mimi na aishi bila ya mimi." Tangu hapo jina halitajwi.

"Na yule anayehesabu?"

"Mwanawe. Mama hajui kama kapata mtoto." Akajifuta kwa ncha ya kidole. "Wako hapa, khala. Wamefikia hoteli, kule Bustan. Mama kasema Ami Nassor, ndugu yake baba, ndiye atayenikabidhi kwa mume wangu. Ami Nassor ni mtu mwema, lakini mimi nnataka Said anishike mkono. Baba hayupo. Nani mwengine?"

Kisha akanambia kitu ambacho sikukiuliza. Kwamba wao wawili walikuwa wakikaa mbele ya televisheni alasiri, katuni ikianza tu, Said anashika ufagio kama gitaa, yeye anapiga kifuniko cha sufuria, wanaimba ile nyimbo ya Wajapani mpaka mama anapiga kelele kutoka jikoni. Na Said ndiye aliyekuwa akihesabu. Moja, mbili, tatu.

"Nilitaka uipige mama aisikie, moyo umlainike. Halafu umtangaze aingie."

Hapo nilimhurumia, nasema kweli. Lakini nikamwambia, "Mimi simtangazi mwanamume ambaye mwenye shughuli hakumtaka."

"Hata kaka yangu?"

"Kwako ni kaka. Kwa wanawake wengine wote wa ukumbini ni mwanamume."

Nikamwambia zaidi: akijaribu kumpitisha kwa siri, akaingia watu wamefungua vichwa, basi hataharibu harusi yake tu. Atawafedhehesha wageni waliomwamini mama yake, na kaka yake ndiye atayelaaniwa. Akaapa hatafanya. Sikumwamini. Bi harusi siku ya harusi yake anaapa chochote.

Jioni wageni wakaingia. Neema na wenzake wakabandika stika kwenye kamera za simu, wakapekua mikoba, mimi nikatazama mlango wa mbele kwa jicho moja na mlango wa jikoni kwa la pili. Bi Asya alikaa mbele, kiganja kimoja kimefumbwa. Nilijua mna nini ndani yake.

Ukafika wakati wa bi harusi kuingia. Nilikuwa na wasiwasi na wazee. Nikasema zikianza ngoma hizi za kugonga mlango, bibi zetu watanitupia chetezo. Nikapiga ile ya bendi yenyewe, ya wazee wa miwani. Gu-gu-gu! Taa zikapunguzwa, Thuraya akatokea.

Jamani. Wasichana wote wa rika lake waliruka vitini. Wote! Daktari, mwalimu, wenye watoto, wenye mimba, wakakimbilia zulia wakaimba. Kwa Kijapani! Neno kwa neno, mikono juu, hawaelewi hata moja wanalolisema. Nikawatazama nikasema hawa nani kawafundisha, wamekutana wapi, kuna chama hapa? Hapana chama. Ni alasiri zile za katuni, kila mmoja nyumbani kwake, na hapana aliyewahi kumwambia mwenzake. Bibi yake bwana harusi alimuuliza jirani yake, "Wanasema nini?" Jirani akasema, "Sijui, lakini yaonyesha ni dua." Akaanza kutikisa mabega.

Thuraya alitembea katikati yao anacheka, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta mlango wa jikoni. Nikafuata macho yake. Mlango umefungwa.

Haikupita muda, Neema akanijia pembeni.

"Mama, samahani. Kuna kaka mmoja yuko huko nje nyuma ya jiko, amebeba mtoto. Nimemwona kwa dirisha la kupitishia vyombo. Nimemwambia aondoke, hataki."

"Anataka kuingia?"

"Hapana. Anasema hataki kuingia. Ndiyo maana nimeogopa."

Hii ndiyo sababu nampenda Neema. Nikaweka nyimbo ndefu, nikamwambia asimame penye meza asiguse hata waya, nikajitanda buibui nikatokea mlango wa mbele, nikazunguka.

Nyuma ya ukumbi kuna mashine za AC, zinanguruma na kutapika joto. Kijana alikuwa ameegemea ukuta, kanzu nyeupe na kofia, mtoto begani. Sikio lake kaligandisha ukutani.

"Shkamoo, khala."

"Marahaba. Unafanya nini ukutani kwa wanawake?"

"Nasikiliza tu. Nilijua ataingia na ule wimbo. Nimeusikia wote."

"Na mkeo?"

"Yuko hoteli. Alisema asije kuleta maneno."

Sikumwamini. Mtu hapandi ndege kutoka Japani kuja kusikiliza ukuta. Nikenda nikaushika mlango wa jikoni, nikautikisa kwa nguvu. Umefungwa kweli. Nikarudi nikamtazama vizuri. Kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Mtoto ni msichana, yu macho, ananikazia macho bila ya kupepesa, na nyusi zile, wallahi, nilikuwa nimeziona mchana kutwa zikipita juu ya sahani za halua.

"Anaitwa nani?"

"Asya."

Nikalirudia jina moyoni. Kisha nikamwambia asiondoke pale, na wala asisogee, na nikirudi nikamkuta penye mlango wowote namwitia polisi mimi mwenyewe. Akasema, "Sawa, khala." Nilirudi ndani. Kazi yangu ilikuwa kumzuia mwanamume yule asiingie, na nilikuwa nimeshaifanya, na roho yangu haikutaka.

Shughuli ikaendelea. Watu wakala, wakacheza. Ikaletwa khabari kwamba bwana harusi na wanaume wako mlangoni, wanangoja. Nikapunguza sauti, nikanyoosha mkono kwa kipaza sauti, nikamtafuta Bi Asya anipe ruhusa kwa kichwa.

Hakuwapo kitini kwake. Alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja, anakata watu. Nikasema anakuja kung'oa waya. Anadhani mimi na bintiye tumepanga. Nikaweka mkono juu ya plagi, nikangoja.

Akasimama mbele ya meza.

"Ile ya mwanangu iko wapi?"

"Si ulinambia nizime?"

"Nilikwambia zima, Zuhura. Sikukwambia futa."

"Sijafuta. Mimi sifuti kitu."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ulitoka, ukarudi buibui limejaa vumbi, na tangu hapo hujanitazama usoni."

Ndiyo hivyo, wanangu. Maisha yangu yote nashuku watu, sikuwahi kudhani kuna mtu amekaa safu ya mbele ananishuku mimi.

"Nyuma ya jiko," nikasema. "Penye mashine. Kabeba mtoto."

"Mtoto yuko nje? Na joto lile?" Sauti ikampanda, watu wa meza ya karibu wakageuka. "Huyu ana akili? Tangu saa ngapi?"

"Tangu bi harusi alipoingia."

"Nawe umemwona ukamwacha!"

"Mlango umeufunga wewe, Bi Asya."

Akafumbua kiganja. Ufunguo ulikuwa umemchora, meno yake yote yameonekana kwenye ngozi, alivyoushika jioni nzima. Akautazama.

"Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Anaitwa Asya."

Alinyoosha mkono akanipokonya kipaza sauti, ambacho katika kazi yangu yote hapana mtu aliyewahi kunipokonya.

"Jistirini," akasema. Sauti yake ilitoka kavu, ikajaza ukumbi. "Jistirini nyote. Bwana harusi na wenzake wangoje kidogo nje. Kwanza mwanangu anaingia."

Kule juu kwenye kiti chake Thuraya alisimama, maua yakamdondoka. Mimi niliipata ile nyimbo mara moja, maana najua nilikoiweka. Nilingoja. Nilihakikisha meza kwa meza, safu kwa safu, mpaka bibi wa mwisho kajitanda, kazi ni kazi. Ukumbi mzima ukawa mweusi, mabuibui matupu. Nami nikavuta la kwangu nikajifunika.

Bi Asya alikuwa na mtandio wake mabegani. Akauvua, akanirushia juu ya mitambo, akenda kufungua mlango wa jikoni kichwa wazi. Nikafungua sauti.

"Moja, mbili, tatu!"